Je, Mashine ya Dialize Inakunywa Damu ya Mugonjwa?

AFYA KATIKA JAMAA



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumuza juu ya malaria, kuhara kwa watoto na maji ya kunywa. Mwezi huu tunafungua barua juu ya jambo lingine: mafigo yaliyokufa, na damu inayopunguka. Mama moja wa Likasi anatuandikia hivi:

«Bwana yangu alikuwa fundi wa mashine miaka 22. Mafigo yake yalikufa juu ya tansio. Tangu mwaka jana tunamupeleka Lubumbashi kwa dialize mara mbili kila juma. Zamani alikuwa mutu wa nguvu. Leo akitembea hatua chache anasimama na kuhema. Viganja vyake vimekuwa vyeupe, na karatasi ya laboratwari inasema emoglobini 7. Majirani wanasema: ‹Mama, ile mashine inakunywaka damu yake. Mukiendelea nayo itamumaliza.› Basi tulianza kumupa vitu vya kuongeza damu: sombe na lengalenga kila siku, maji ya beterave, tomati ya mukebe pamoja na maziwa. Siku moja miguu yake ikakosa nguvu na moyo ukaanza kwenda vibaya. Tulikimbia naye usiku. Munganga alituambia kwamba alikuwa karibu kufa, na kwamba ni sababu ya chakula. Sasa mashemeji wanataka tuache mashine, na mimi naogopa hata kuweka sufuria kwa moto. Tufanye nini?»

Mama mupenzi, asante kwa barua yako. Ulipika kwa upendo, na vyakula ulivyopika ni vile vile ambavyo wauguzi wanawashauri mama wenye mimba. Lakini mwili wa bwana yako sasa una sheria nyingine. Jibu letu la kwanza ni hili: musiache mashine. Mutu ambaye mafigo yake yamekufa kabisa, akiacha dialize, mara nyingi anakufa kisha siku chache au majuma machache. Sasa tueleze mambo moja moja.

MASHINE INAFANYA NINI NA DAMU?

Mafigo ya mutu muzima yanasafisha damu mchana na usiku. Yanaondoa uchafu na maji yasiyofaa, na hayo yote yanatoka kwa njia ya mukojo. Mafigo yakikufa, uchafu unabaki katika damu. Mashine inafanya sehemu ya kazi hiyo. Damu inatoka mukononi kwa mupira moja, inapita katika chujio lenye nyuzi nyembamba sana, na kurudi mwilini kwa mupira mwingine.

Mutu mukubwa ana karibu litre 5 za damu. Katika saa nne za dialize, damu ile ile inapita katika chujio tena na tena, zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana mutu akiangalia anaona damu inaenda bila mwisho na anashikwa na woga. Lakini wakati wowote damu iliyo inje ya mwili haizidi sana kopo moja. Kisha kazi, wauguzi wanaisukuma kwa maji ya munyu ili irudi mwilini.

Je, majirani wanasema uwongo mutupu? Hapana. Kuna kipande kidogo cha ukweli. Kila mara damu kidogo inabaki katika chujio na mipira. Damu ikigandamana ndani, chujio lote linaweza kupotea na damu iliyo ndani yake. Ongeza damu ya kupima laboratwari. Kwa mwaka muzima mugonjwa anaweza kupoteza gramu 1 hadi 3 za chuma kwa njia hiyo. Na chuma yote iliyo katika mwili wa mwanaume ni karibu gramu 3 au 4 tu! Kwa hiyo hasara ipo, na inapaswa kurudishwa. Lakini si yenyewe inayoleta sehemu kubwa ya ugonjwa.

SIRENE HAILII TENA

Wazee wetu wa migodi wanakumbuka sirene ya asubuhi. Ikilia, watu wanaamka na kwenda kazini. Isipolia, kiwanda kinabaki kimya, hata kama mashine ni mpya na mawe yenye shaba yamerundikana mulangoni.

Katika mwili, kiwanda cha damu kiko ndani ya mifupa. Hapo chembe nyekundu za damu zinatengenezwa. Na sirene inayoita kiwanda kufanya kazi inatoka katika mafigo. Ni kitu kinachoitwa eritropoyetini. Waganga wanasema tu EPO. Mafigo yakiharibika, hayasafishi damu vizuri, na tena hayapigi sirene. Kiwanda kinalala. Chembe nyekundu za mutu muzima zinaishi karibu siku 120. Za mugonjwa wa mafigo zinakufa mbele ya wakati. Basi zinazokufa ni nyingi na zinazozaliwa ni chache. Ndiyo maana bwana yako anahema na viganja vimekuwa vyeupe.

Hii inaonyesha kwa nini sombe haikumusaidia. Kuleta mawe mengi mulangoni mwa kiwanda hakusaidii kama hakuna sirene.

Zamani waganga mara nyingi walikuwa wanatia mugonjwa damu ya watu wengine, tena na tena. Mwaka 1977 watu wa sayansi wa Chicago na rafiki zao wa Japani walifaulu kutenga EPO safi: walihitaji litre 2.550 za mukojo wa wagonjwa! Kisha watu walijifunza kuitengeneza, na mwaka 1989 serikali ya Marekani ilikubali itumiwe kama shindano. Leo inatumiwa katika inchi nyingi.

KWA NINI CHAKULA KILITAKA KUMUUA?

Katika majani, matunda na viazi kuna kitu kinachoitwa potasiumu. Mwili unaihitaji ili misuli na moyo vifanye kazi. Kwa mutu mwenye mafigo mazima, potasiumu inayozidi inatoka kwa mukojo. Kwa mugonjwa wa dialize haina njia ya kutoka, inangojea siku ya mashine. Ikizidi katika damu, miguu inalegea, moyo unapiga vibaya, na unaweza kusimama gafula. Mara nyingi hakuna maumivu ya kuonya.

Sasa angalia vyakula ulivyotaja: sombe, lengalenga, beterave, tomati ya mukebe, hata maziwa. Vyote vina potasiumu nyingi. Ongeza ndizi, avoka, machungwa, maharagi, karanga na viazi. Munyu wa majivu, ule tunaotia katika majani ili yalainike, nao una potasiumu nyingi sana: usiutie kamwe katika chungu cha mugonjwa. Na pemba, je? Watu wenye kukosa damu mara nyingi wanatamani kula udongo. Lakini udongo unazuia chuma isiingie mwilini, na mwingine unaleta potasiumu. Hamu hiyo inaonyesha kwamba damu imepunguka: iambie munganga, usiifuate.

Basi tushike neno hili: chakula kinachoongeza damu kwa mama mwenye mimba kinaweza kusimamisha moyo wa mugonjwa wa dialize.

LAKINI ASIKAE NA NJAA!

Hapa kuna kosa la pili, na ndilo linalofanyika kimya kimya katika nyumba nyingi. Mbele ya kuanza dialize, munganga mara nyingi anamwambia mugonjwa apunguze nyama, samaki na mayai, ili mafigo yasichoke. Ni shauri zuri wakati ule. Lakini siku mashine inapoanza, sheria inageuka. Mashine ikitoa uchafu inatoa pia sehemu ya protini: gramu kadhaa kila mara. Inatoa tena vitamini zinazoyeyuka katika maji, kama asidi foliki, ambayo kiwanda cha damu kinaihitaji. Jamaa ikiendelea na sheria ya zamani, mugonjwa anakonda na damu inazidi kupunguka. Wengine wanaona uso umevimba kwa maji na kusema: «Anaanza kunona.» Kumbe nyama ya mwili inaisha.

Mugonjwa wa dialize anahitaji kila siku gramu 1 hadi 1,2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake. Mutu wa kilo 60 anahitaji basi gramu 60 hadi 72. Yai moja linatoa karibu gramu 6. Kipande cha kuku, nyama au samaki cha gramu 100, kilichopikwa, kinatoa 20 na zaidi. Bukari inashibisha, lakini unga wa muhogo una protini kidogo sana, na wa mahindi hauna nyingi. Bukari si chakula kibaya kwake. Kibaya ni bukari pamoja na muchuzi mutupu.

Tunajua, mama, nyama ina bei. Katika nyumba nyingi kipande cha nyama ni cha baba na watoto wanaangalia. Penginepo mugonjwa ndiye anayekatwa, kwa sababu «hafanyi tena kazi». Muzungumuze jambo hilo kwa wazi katika nyumba. Mayai mawili na kipande cha samaki kwa siku ni sehemu ya matunzo yake, sawa vile dawa.

Ukipika, fanya hivi:

1. Majani na viazi: menya, kata vipande vidogo, loweka katika maji mengi. Chemsha, mwaga maji, tia maji mapya, chemsha tena. Maji hayo usiyafanye muchuzi, maana potasiumu imeingia humo.
2. Sombe ichemshwe hivyo hivyo, bila karanga, bila munyu wa majivu. Mugonjwa apate vijiko viwili au vitatu, siku ambazo munganga amekubali, si sahani kila siku.
3. Munyu wa kawaida uwe kidogo, kwa maana unaleta kiu, na kiu inaleta maji mengi mwilini. Samaki wa munyu na supu za kyubu zina munyu mwingi.
4. Ndagala zinazoliwa pamoja na mifupa zina protini, lakini zina pia fosfori, ambayo inaharibu mifupa na mishipa ya mugonjwa. Samaki mukubwa aliyetolewa mifupa ni bora.
5. Kama hana hamu, umupe kidogo kidogo mara tano kwa siku. Usimulazimishe sahani kubwa.

SHINDANO NA CHUMA: MUANZE NA NINI?

Wengi wanatafuta shindano la EPO na kuuza hata velo ili kulipata. Lakini sirene bila mawe haileti shaba. Kama chuma imeisha mwilini, shindano linafanya kazi kidogo sana, na feza inapotea. Kwa hiyo muombe munganga apime kwanza chuma ya mwili. Kuna kipimo kinachoitwa feritini, na kingine kinachoonyesha chuma inayotembea katika damu. Mara nyingi kwa wagonjwa wa dialize vidonge vya chuma havitoshi, kwa kuwa matumbo hayavipokei vizuri. Chuma inatiwa katika mushipa, wakati wa mashine yenyewe. Kuongeza chuma kunaweza kupunguza hesabu ya mashindano ya EPO, na hiyo ni faida kwa mufuko wa jamaa.

Mambo mengine ya kushika:

Shindano la EPO linaharibika katika joto. Linawekwa katika baridi ya digri 2 hadi 8, lisigande wala kutikisika. Mukilinunua Lubumbashi na kulibeba katika basi mpaka Likasi, mulitie katika sanduku la baridi, si mufukoni.

Shindano linaweza kupandisha tansio. Bwana yako ana tansio tayari. Ipimwe mara kwa mara.

Musitafute damu ya kupita kipimo. Mwanaume muzima ana emoglobini 13 au zaidi. Lakini kwa mugonjwa wa dialize anayepata EPO, waganga kwa kawaida wanatafuta kati ya 10 na 11,5. Mwaka 1998 waganga wa Marekani walichapisha uchunguzi juu ya wagonjwa zaidi ya 1.200 wa dialize wenye ugonjwa wa moyo. Wale waliopandishwa damu mpaka kipimo cha mutu muzima hawakupata faida. Hatari ya kufa na ya ugonjwa wa moyo ilionekana kuzidi kwao, na uchunguzi ukasimamishwa.

Kutiwa damu ya mutu mwingine kunaokoa wakati wa hatari. Lakini si njia ya kila mwezi. Damu inaweza kuleta magonjwa kama haikupimwa vizuri. Tena inazoeza mwili kupigana na vitu vya watu wengine, na siku akipata bahati ya kupewa figo mupya, mwili unaweza kuikataa.

Siro za sokoni za «kuongeza damu» na dawa za mizizi, hapana. Hatujui kilicho ndani. Vitamini A nayo inajikusanya katika mwili wa mugonjwa wa mafigo, na ikizidi ni sumu. Vitamini achukue zile tu munganga ameandika.

NA MAJI YA MASHINE?

Sisi watu wa inchi ya shaba tujue jambo moja zaidi. Dialize moja inatumia karibu litre 120 za maji, yakipita jirani kabisa na damu. Katika miaka ya nyuma, waganga wa Marekani waliona wagonjwa wakipoteza damu gafula kwa sababu shaba ya mipira ya maji iliingia katika maji ya mashine na kupasua chembe nyekundu. Dawa ya klori ya kusafisha maji ya muji inaweza kufanya vile vile, na alumini nayo inazuia damu kutengenezwa. Ndiyo maana maji ya dialize yanapaswa kupita katika machujio ya pekee na kupimwa. Si aibu kwa jamaa kuuliza kwa heshima: «Munganga, maji ya mashine yanapimwa lini?»

NENO KWA MASHEMEJI

Mashemeji wapenzi, tunajua munaogopa juu ya ndugu yenu. Lakini fahamuni hili: uchafu ukibaki katika damu, unaondoa hamu ya kula, unalaza kiwanda cha damu, na kufupisha maisha ya chembe nyekundu. Kwa hiyo kupunguza mashine hakulindi damu, kunazidi kuimaliza. Mwenye kufanya saa mbili pahali pa saa nne, au kuruka siku kwa sababu ya feza ya safari, anaongeza ugonjwa. Kama munataka kumusaidia ndugu yenu, changeni feza ya basi.

Mutakapofika tena kwa munganga, mumuulize maswali haya matano, muyaandike kwa karatasi:

1. Emoglobini ni ngapi leo, na mwezi uliopita ilikuwa ngapi?
2. Chuma ya mwili imepimwa? Inatosha?
3. Potasiumu ni ngapi, na ni vyakula gani tupunguze?
4. Je, kuna sababu nyingine: malaria, minyoo, kidonda cha tumbo, choo cheusi?
5. Saa za mashine zinatosha kwa uzito wake?

Na tena: miguu ikilegea gafula, moyo ukipiga vibaya, au akishindwa kupumua, musingojee asubuhi. Mumupeleke hospitali saa ile ile, na museme neno la kwanza: «Huyu ni mutu wa dialize.»

Mama wa Likasi, washa moto wako bila woga. Leo jioni, kipande cha samaki kilichotolewa mifupa, bukari kidogo, majani ya lengalenga yaliyochemshwa mara mbili, vijiko viwili kama munganga amekubali. Na kesho, ikiwa ni siku ya mashine, umuamushe mapema asikose basi.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA KATIKA JAMAA

1. Kwetu nyumbani, nani anapewa kipande cha nyama? Je, mugonjwa anahesabiwa?
2. Tumewahi kutoa shauri la dawa kwa jirani bila kujua ugonjwa wake?
3. Tansio inaweza kuua mafigo bila maumivu. Katika nyumba yetu, nani mwenye miaka zaidi ya 40 hajapimwa tansio mwaka huu?